Nyoka wa Silanga ya Mzee Kyalo

Nilikuwa bado mtoto wa shule ya msingi, wa kutumwa chumvi na kusahau njiani, Mzee Kyalo alipoleta katapila na kuziba bonde lililokuwa juu ya boma letu. Katapila lilikwangua udongo mwekundu pande zote mbili za bonde, likaurundika katikati mpaka ukawa ukuta, kisha likaondoka. Mvua za Novemba ziliponyesha, maji yalisimama nyuma ya ukuta ule. Sisi watoto wa upande ule wa Kathonzweni tulikuwa tumezoea mto wenye maji siku chache na mchanga mwaka mzima. Tukaona kwa mara ya kwanza maji yasiyokwenda popote.

Kwetu bwawa la aina hiyo huitwa silanga. Ile ilikuwa ya Mzee Kyalo peke yake. Alikuwa na duka la mabati na saruji Sultan Hamud, alikuwa mzee wa kanisa, na alikuwa na shamba la michungwa upande wa juu wa ukuta. Sisi tulikaa upande wa chini. Nimefanya kazi ya habari kwa miaka mingi sasa, na ningetakiwa kuieleza habari hii kwa maneno mawili ningesema: juu na chini.

Mlinzi wa silanga aliitwa Nzioka. Yeye ndiye aliyetupa habari za nyoka. Tulikuwa tumevua nguo za shule ili tuogelee, akatokea na fimbo, lakini hakutuchapa. Alichuchumaa, akatuonyesha kichuguu kilichoanza kuota katikati ya ukuta.

"Mnaona pale? Anakaa pale ndani. Unene wake ni kama mtungi. Yeye ndiye anashikilia haya maji. Akikasirika anaenda zake, na maji yanamfuata."

"Anakula nini?" nikauliza.

"Watoto wanaouliza maswali."

Tulikimbia, wengine na nguo mkononi. Nyumbani nilimsimulia bibi yangu, ambaye sote tulimwita Susu, nikitarajia acheke. Hakucheka. Susu alizaliwa ng'ambo ya mto Athi, upande wa Kitui, na chemchemi ya kwao ilikuwa na nyoka wake. Vijana waliporudi kutoka kazi za mjini walimuua kwa mawe ili waonyeshe kwamba wameelimika, na chemchemi ikakauka. Kwa Susu, maji yanayokaa mahali pamoja lazima yawe na anayeyakalia. Kwa hiyo habari ya Nzioka ilimkuta tayari, akaiongezea masharti. Chungu chenye masizi kisichovywe silangani. Chuma kisiguse ukuta, iwe jembe, panga au sururu. Na la mwisho, ambalo alilirudia mara nyingi hata tukalikariri: "Maji yakitoka mekundu chini ya ukuta, jueni nyoka amegeuka. Anatafuta mlango. Siku hiyo mtu asikae bondeni."

Sharti hilo la mwisho nimelifikiria sana ukubwani. Sidai kwamba Susu alijua uhandisi. Alichojua ni kwamba maji yakibadilika rangi kuna jambo, na lugha aliyokuwa nayo ya kusema kuna jambo ilikuwa nyoka.

Mwaka uliofuata shangazi yangu Ndinda alirudi kutoka kwa mumewe huko Mwingi. Alirudi na sanduku la bati, jino moja limevunjika, na hakutaka kuulizwa. Kwetu binti anayerudi hupewa chakula, hapewi shamba. Baba na ndugu zake walikuwa wamekwisha kugawana ardhi kwa mipaka ya katani. Kilichobaki ni kipande cha mawe na miiba chini kabisa ya ukuta wa silanga, ambacho hakuna aliyekitaka. Susu akampa hicho. Hakuna ndugu aliyepinga. Ungempingia mtu mawe?

Ndinda alijiunga na mwethya, kundi la wanawake wanaolimiana kwa zamu, leo kwako kesho kwangu. Walikuja na majembe na nyimbo, wakamchimbia makinga maji, safu kwa safu, wakajaza udongo kwa karai mahali palipokuwa na mwamba mtupu. Niliwaona wanawake wale wakihamisha kilima kwa mikono. Hilo nalisema mapema ili msomaji asije akadhani baadaye kwamba walikuwa wavivu.

Kisha jambo zuri likatokea. Udongo wa chini ya ukuta ukaanza kuwa na unyevu, hata wakati wa kiangazi. Ndinda alipanda sukuma wiki, zikakubali. Akapanda nduma na ndizi, zikakubali. Watu walianza kuja kununua mboga kwake wakati mashamba mengine yote yalikuwa rangi ya majivu. Wanawake wa mwethya wakamtania kwamba nyoka wa silanga anampenda.

"Kama ananipenda basi anioe," Ndinda akajibu. "Huyu angalau hana mikono ya kunipiga."

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Baba zangu wadogo nao walianza kupita pita kando ya kipande kile jioni, mikono nyuma, wakitazama mipaka ambayo hawakuwahi kuitazama.

Jambo ambalo hakuna aliyelisema, na ambalo ningependa kulisema sasa kwa Kiswahili kisicho na mafumbo, ni kwamba ukuta ulikuwa unavuja. Unyevu ule haukuwa zawadi ya mtu wala ya nyoka. Mchwa walikuwa wametoboa njia zao ndani ya udongo ambao haukushindiliwa vizuri. Migunga ilikuwa imeota juu ya ukuta na kupeleka mizizi ndani. Ng'ombe wa Mzee Kyalo walikuwa wamekanyaga ukingo wa juu mpaka ukabonyea. Na pembeni, kwenye mwamba, mahali ambapo katapila liliacha mfereji ili maji ya ziada yapite bila kugusa ukuta, Mzee Kyalo alikuwa ameamuru Nzioka apange magunia ya mchanga. Alitaka maji yapande zaidi, michungwa ipate ya kutosha. Hakuna ofisi iliyomtuma mtu kuja kuangalia. Silanga ilikuwa yake, na ukuta wake. Bonde la chini halikuwa lake, lakini hilo halikuhesabiwa.

Mvua za mwaka niliokuwa najiandaa kumaliza shule ya msingi zilikuwa kubwa. Asubuhi moja ya Ijumaa nilishuka na Shangazi kukata mboga. Chini ya ukuta palikuwa na kijito chembamba, siku zote safi, tulizoea kukinga viganja na kunywa. Siku hiyo maji yalikuwa yanatoka kwenye tundu lenye upana wa kifundo cha mkono, na yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Ndinda aliingiza vidole, akavisugua. Kulikuwa na mchanga mwekundu.

"Mueni, jana ulikuja hapa?"

"Nilikuja."

"Yalikuwa hivi?"

"Hapana."

"Panda mpaka kwenye ule mwamba. Usishuke hata nikikuita. Nikikutaka nitakuja mwenyewe."

Alipomaliza kuutazama ukuta alikuja kunichukua mwambani, tukamwendea Susu. Nilisikia mazungumzo yao jikoni na sijayasahau, kwa sababu walikuwa wanasema jambo lile lile na hawakuelewana. Susu alisema nyoka amegeuka. Ndinda alisema ukuta unaliwa kutoka ndani. Ndinda alitaka mwethya uitwe, waje na mawe na mchanga walitie uzito lile tundu, na wengine wakachimbue ule mfereji wa pembeni maji yashuke.

"Jembe haliendi pale," Susu alisema.

"Mama, ule ukuta unakwisha."

"Ndiyo sababu hauguswi."

Wanawake wa mwethya walimjibu vivyo hivyo. Mama Mbithe, rafiki yake wa karibu, alimshika mkono akamwambia, "Ndinda, makinga maji tutakuchimbia tena hata mara kumi. Lakini pale kwa yule mdudu, mimi nina watoto." Hawakuwa wajinga na hawakuwa wabaya. Walikuwa na majembe mabegani wakati huo huo wakizungumza. Nguvu ya kuokoa lile bonde ilikuwa imesimama pale barabarani, miguu ina matope, na ikarudi nyumbani kwa sababu ya maneno ya mlinzi kwa watoto waliovua nguo.

Susu alichukua maziwa kwenye kibuyu, akaenda kuyamwaga karibu na kichuguu na kuomba. Kisha akapita nyumba kwa nyumba chini ya bonde akiwaambia watu watoe watoto na mbuzi. Wengi walimsikiliza. Nitalirudia hili kwa haki yake: wengi walimsikiliza.

Mzee Kyalo alikuwa anakuja Jumamosi kwa pikapu yake. Ndinda alinishika mkono. "Twende. Wewe una kichwa cha shule. Utakumbuka yatakayosemwa."

Tulimkuta kwenye lango la shamba la michungwa, na wafanyakazi wake wakipakia makreti. Ndinda alimsalimu kwa heshima, akasimama mbali kidogo, kama inavyotakiwa.

"Mzee, maji yanatoka mekundu chini ya ukuta."

"Nimeshaambiwa. Nimeambiwa pia mama yako amempa nyoka maziwa." Wafanyakazi wakacheka. "Ndinda, sisi watu tuliookoka hatuna mambo ya nyoka."

"Sikusema nyoka, Mzee. Nimesema maji."

"Silanga zote hutoa jasho. Na jasho hilo ndilo limekulisha wewe. Umewahi kuniletea hata fungu moja la sukuma kusema asante?"

"Ondoa yale magunia ya mfereji. Maji yapungue kidogo. Naomba hilo tu."

"Na Januari michungwa yangu itakunywa nini? Maombi ya Susu?" Wakacheka tena. Alipoona wamecheka, akaongeza: "Ulishindwa kukaa kwa nyumba ya mume. Leo unataka kunisimamia yangu."

Ndinda aligeuka akaondoka. Alipita kwetu, akachukua jembe, akapanda moja kwa moja mpaka kwenye mfereji wa pembeni, mchana kweupe, kila mtu akiona. Alianza kuyatoboa yale magunia na kuyavuta kando. Nzioka alikuja mbio.

"Wacha, Ndinda! Haki nitafutwa kazi!"

"Basi nisaidie, ufutwe ukiwa umefanya kitu."

Ndinda aliondoa magunia kadhaa. Maji yalianza kupita pembeni, juu ya mwamba, njia iliyotengenezewa maji. Nilisimama pale na niliyaona. Kisha wafanyakazi wa Mzee Kyalo wakafika, wakamnyang'anya jembe, wakarudisha magunia na kuongeza mengine juu yake. Ukuta wenyewe Ndinda hakuugusa hata kwa kidole. Lakini kilima chote kilimwona mwanamke mwenye jembe akiwa silangani, na kabla ya soko kufungwa habari ilikuwa imekwisha kupata umbo lake: Ndinda amemtia nyoka jembe.

Jumapili Susu alihakikisha hakuna mtu wa boma letu aliyebaki chini. Alitusukuma sote kanisani, hata wale wasiosali. Ndinda peke yake alikataa. Alishinda asubuhi akihamisha kuku na sufuria kutoka kwenye kibanda chake na kuvipandisha kilimani.

Mhubiri alikuwa katikati ya mahubiri tuliposikia sauti kama lori linalomwaga kokoto, ila lori hili halikumaliza kumwaga. Tulitoka nje. Kutoka uwanja wa kanisa tuliweza kuona bonde lote. Katikati ya ukuta, pale palipokuwa na kichuguu, palikuwa na pengo, na maji mekundu yalikuwa yanatoka, nalo pengo likizidi kupanuka tukitazama. Hayakukimbia kama mto. Yalikwenda kama mtu anayebeba kitu kizito na hataki kukitua.

Hakuna aliyekufa. Walikwenda mbuzi, maghala, vyoo, na daraja dogo la kwenda sokoni. Lakini shamba la Ndinda lilikuwa la kwanza kupigwa, na maji yalipokwisha hapakuwa na shamba. Palikuwa na mwamba, mweupe, umeoshwa. Makinga maji yote yalikuwa yameng'olewa kama mshono. Kwa mtu asiyetoka Ukambani, sijui kama naweza kueleza hasara hiyo. Kibanda hujengwa tena kwa wiki moja. Udongo, ule mweusi wa juu, uliokusanywa kwa karai na migongo ya wanawake, haujengwi. Ndinda alisimama juu ya mwamba ule na kuku mmoja kwapani, akitazama chini kama mtu aliyeangusha sindano.

Mzee Kyalo alikuwa uwanjani pamoja nasi, na suti yake. Nilikuwa karibu naye kuliko alivyojua. Alitikisa kichwa akawaambia wazee wenzake, "Hata nyoka ameheshimu Jumapili." Jumamosi hakuwa na mambo ya nyoka. Ilikuwa haijafika saa saba mchana siku ya pili yake, na tayari alikuwa naye.

Naibu wa chifu aliita baraza. Watu wa chini walitaka kujua nani atajibu kwa kilichotokea. Walikuwa wengi na walikuwa na hasira, na kwa muda mfupi ilionekana kana kwamba hasira hiyo itapanda juu, inakotakiwa. Ndipo Mzee Kyalo akainuka. Alizungumza polepole, kofia mkononi.

"Mimi sisemi kuna nyoka. Mimi ni mtu wa kanisa, mnanijua. Nyinyi wenyewe ndio mmesema, tangu zamani, mambo ya jembe na ukuta. Basi mimi nauliza tu kaswali kadogo. Ni nani alionekana na jembe silangani Jumamosi?"

Akakaa. Hakuhitaji zaidi ya hapo.

Vichwa viligeuka. Ndinda alisimama, akaanza kueleza juu ya magunia na mfereji. Naibu wa chifu alimkata. "Mama, ulikuwa na jembe au hukuwa nalo?"

"Nilikuwa nalo, lakini—"

"Ulikuwa nalo."

Ndinda alimtazama Nzioka. Nzioka aliinama akifunga kamba ya kiatu kilichokwisha kufungwa. Alimtazama Mama Mbithe. Mwishowe akamtazama Susu, na Susu akajifunika mdomo kwa leso. Mimi nilisimama niseme, kwa sababu niliambiwa nikumbuke na nilikuwa nakumbuka. Baba alinivuta chini kwa kola. Mtoto hasemi barazani.

Hukumu haikuandikwa popote. Ilisemwa kwamba mambo ya Mungu hayashtakiwi. Ilisemwa kwamba familia yetu itoe mbuzi bondeni patakaswe, na baba akatoa. Na baba zangu wadogo wakasema, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba kwa kuwa kipande cha Ndinda hakina tena udongo, hapana tena cha kumweka pale, na pengine ni vyema aondoke kabla hajaleta jingine. Aliondoka wiki hiyo. Alikwenda Salama, akapanga chumba nyuma ya maduka ya barabara kuu, akaanza kuuza maharagwe yaliyochemshwa kwa madereva wa malori.

Kiangazi kilipofika, katapila lilirudi. Udongo wa kurudisha ukuta ulihitajika, na udongo ulikuwepo karibu, umetulia chini ya bonde pale mafuriko yalipouacha. Wakauzoa huo. Mwethya walipoteza jasho lao mara mbili: mara ya kwanza lilichukuliwa na maji ya Mzee Kyalo, mara ya pili likaingia kwenye ukuta wake.

Niliondoka kijijini kwa ajili ya shule, kisha kazi. Kazi yangu imenifundisha kuuliza nani alisema nini kwanza, na ilinichukua muda mrefu kuona kwamba swali hilo sikuwahi kuliuliza nyumbani. Mwaka huu nililiuliza. Nzioka ni mzee sasa, haoni vizuri, lakini alinitambua kwa sauti.

"Ni Mzee aliniambia niwatishe," alisema. "Kuna mtoto alizama kwa silanga nyingine huko mbele. Akasema, tafuta kitu hawa watoto wasiingie maji. Nikachagua nyoka. Ningesema mamba mngenicheka, kwetu mamba atoke wapi?"

"Na siku ya baraza? Mbona hukusema?"

Alipangusa macho. "Siku hiyo nyoka hakuwa wangu tena. Alikuwa wa watu wote. Na mimi nilikuwa nakula kwa Mzee."

Kwa hiyo mwanzo wake haukuwa mbaya. Ulikuwa uongo wa kuzuia mtoto asizame, na nimeshawadanganya wanangu kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Sina ugomvi na Nzioka wa siku ile. Wala sina ugomvi na Susu, ambaye masharti yake yaliwatoa watu bondeni wakati wenye ukuta walikuwa wanacheka. Ugomvi wangu ni na mtu aliyejua kwamba hakuna nyoka, kwa kuwa yeye ndiye aliyemwagiza. Alipotaka kumnyamazisha mwanamke, alimcheka kwamba anaogopa nyoka. Alipotaka kujificha, alijificha nyuma ya nyoka huyo huyo. Imani ya watu wetu aliitumia kama mlango wa duka: anaufunga akitaka, anaufungua akitaka, na ufunguo ni wake.

Mzee Kyalo yu hai. Nilimtembelea. Aliniletea kiti mwenyewe, akanipa machungwa, akaniuliza mimi ni wa nani. Nilipomwambia, uso wake ulichangamka. "Aa! Wa kina Ndinda. Yule aliyetufukuzia nyoka." Hakusema kwa ubaya. Nadhani sasa anaamini. Niliuliza ofisi tatu ni nani anayekagua silanga za watu binafsi. Kila moja ilinielekeza kwa nyingine, na ya mwisho ilinijibu kwamba ile ni mali ya mtu, kana kwamba maji nayo yanajua mpaka wa mali ya mtu.

Chini ya ukuta mpya, udongo una unyevu tena. Analima pale Mutuku, mtoto wa baba yangu mdogo, yule aliyesema kwa sauti ya upole. Ana mke na watoto wadogo, na spinachi yake ni nzuri. Nilimweleza. Alinisikiliza kwa adabu, akasema, "Hii ardhi haikauki, dada. Nitaiacha niende wapi?"

Kutoka kwake nilikwenda Salama. Shangazi sasa ana kibanda cha mabati na meza mbili. Nilimweleza yote, Nzioka, Mzee Kyalo, ofisi. Alikuwa anachambua maharagwe na hakusimama, hata nilipofika kwenye maneno ya Nzioka, ambayo mimi nilidhani yangemtikisa. Alisimama nilipomtaja Mutuku.

"Analala pale pale chini?"

"Pale pale. Na watoto."

Alizima jiko, akafunga kibanda, akasema twende. Sikumkumbusha Mutuku ni mtoto wa nani. Alikuwa anajua.

Tulifika mchana. Mutuku alikuwa sokoni. Mkewe alikuwa anafua, na watoto walikuwa wanacheza uani. Alitukaribisha vizuri, akaulizia jina la mgeni ili ajue atamwitaje.

"Mimi ni Ndinda," Shangazi alisema. "Dada wa baba mkwe wako."

Mke wa Mutuku aliacha kufua. Alimtazama Shangazi, akatazama ukuta, akatazama mikono ya Shangazi, mitupu. Kisha akawaita watoto kwa majina yao, mmoja mmoja, akawaingiza ndani, akafunga mlango. Tulisikia komeo.

Nilikuwa nimefikiri miaka yote hiyo kwamba Ndinda alipokonywa udongo, na jina lake. Pale uani ndipo nilipoelewa hesabu kamili. Siku ile barazani Mzee Kyalo aliwapokonya pia watu wa chini ya ukuta masikio yao. Mtu mmoja aliyewahi kuona ukuta ule ukifa, na aliyejua dalili zake, ndiye mtu mmoja ambaye hawatamfungulia mlango.

Nilimwambia turudi. Alikataa. Alisogea mpaka kizingitini, akaweka kiganja juu ya mbao, akaanza kusema kwa sauti ya kawaida, kama anayezungumza na mtu aliyekaa upande wa pili. Alisema wahamishe kitanda kwanza, siyo vyombo. Alisema mvua ikinyesha usiku kucha wasingoje asubuhi. Alisema njia ya kupandia kilimani ni ya kulia, siyo ya kushoto, kwa kuwa ya kushoto maji huifikia kwanza. Ndani mtoto mmoja aliuliza kitu, akanyamazishwa.

Shangazi alirudia yote tangu mwanzo, polepole zaidi, kwa ajili ya mtoto.